Nitumie Uzi Mweupe

Tarehe 9 Machi

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe kwanza, halafu ndiyo nikusalimie. Nilikuahidi barua kabla wiki haijaisha, na sasa mwezi wa pili unakaribia kwisha. Sitasingizia posta. Gari linaloleta chakula kambini limekuja na kuondoka bila barua yangu, likaja tena, na kalamu nilikuwa nayo. Nilichokosa ni pa kuanzia. Sasa nimepata, utaona mwenyewe.

Hujambo? Miguu imepungua kuvimba, au bado unakanyaga cherehani mpaka macho yanaingia giza? Na Chiriku wangu je? Magego yametoka? Bado anazungumza na viatu vyake kabla ya kuvivaa? Mbusu pale nyuma ya sikio, mwambie ni kwa mama yake. Mimi mzima. Nimepungua, mbu wamenifaidi, na nywele nimezikata fupi. Usipige kelele, zitaota.

Mwanzoni hawakunipeleka popote. Walinikalisha ofisini, yaani chini ya turubai, ninakili hesabu za miti. Si unakumbuka tangazo lenyewe, walitaka mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Wanaupima msitu ambao haujawahi kupimwa: miti gani imo, unene wake, iko wapi. Kambi iko pembeni kabisa. Ukisimama mlangoni pa hema, miti iko mbele yako kama ukuta wa mtu asiyetaka wageni. Kila asubuhi wanaume wanaingia kwenye ukuta huo wakiwa wakavu, jioni wanatoka wamelowa, wananuka majani, wanacheka mambo ambayo mimi sikuyaona. Dada, wivu ulinikaba. Basi yule aliyekuwa akiwaandikia huko ndani akashikwa na homa. Mkuu wa kambi akaanza kusema, "Tunahitaji mtu wa..." Nikasema mimi. Hata hakumaliza.

Nikueleze vipi ndani? Kwanza mwanga unaondoka. Haiwi usiku, inakuwa kama chumba ambacho mtu amefunga mapazia mchana. Joto linakukumbatia kama ndugu asiyejua kuachia. Kuna miti ambayo mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta, unaweza kuweka kitanda katikati. Kuna kamba za miiba zinashika gauni kila hatua, kama fundi anayetaka kukupima kwa lazima. Ndege wakubwa wanapita juu, huwaoni, unasikia mabawa tu, kama mtu anakung'uta shuka. Na mvua! Unaisikia ikinyesha juu huko, wewe bado mkavu, unajisifu. Ukija kulowa, kule nje imeshaacha, lakini kwako ndiyo kwanza inaanza. Ruba walinipanda mguuni bila hodi. Nilipiga ukelele wa kwanza, wa pili nikaumeza, wa tatu sikuusikia tena.

Sasa sikiliza mkasa. Tulikuwa wanne. Mbele Mfyekaji na panga lake. Wa pili Mkuu, kiunoni ana kisanduku chenye uzi mweupe. Anafunga ncha kwenye mti wa kwanza, na kadiri anavyotembea uzi unatoka, kigurudumu ndani ya kisanduku kinaonyesha mmetembea umbali gani. Wa tatu anapaka miti rangi. Nyuma kabisa mimi, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Walinieleza vizuri jinsi uzi ule unavyopima. Jambo moja hawakunieleza, kwa kuwa kila mmoja alidhani nalijua: kwamba uzi unaobaki nyuma ndiyo njia ya kurudia.

Dada, unajua tulivyolelewa. Katika chumba kile cha kushonea, marehemu mama akiona uzi sakafuni, mtu halali. Uzi unaingia kwenye gurudumu la cherehani, gurudumu linakwama, kazi inasimama. Mpaka leo nikiona uzi chini mkono unashuka wenyewe. Na pale mbele yangu ulikuwepo uzi mzuri, mweupe, umelala kwenye matope!

Nikauokota. Nilitembea nikiuzungusha kwenye vidole, kwa mtindo wetu wa nane, usifanye mafundo. Nilijisemea, hawa wanaume ni wachafu lakini leo wamepata mtu.

Alasiri Mkuu akageuka. "Haya, turudi. Fuateni uzi." Akatazama chini. "Uzi uko wapi?"

Nikatabasamu, Dada. Nikatoa donge langu mfukoni kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema tupu. "Huu hapa. Hata haukuchafuka."

Mfyekaji akakaa chini. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi. "Jamani! Mama huyu ametukunjia njia!"

Mkuu hakucheka. Rangi ilipakwa upande mmoja wa mti, ukirudi huioni, na palipofyekwa palishajifunga majani. Dira ilikuwepo, lakini dira inakuonyesha upande tu, haikwambii habari za bwawa lililo katikati. Tulilizunguka, tukaangukia bonde, tukarudi, tukalikuta bwawa lilelile. Tulitoka siku ya pili, saa za chai. Usiku wa katikati sikuandikii.

Mkuu ameniambia ndani siingii tena. Nikae ofisini ninakili, au nipande gari nirudi nyumbani. Bado sijamjibu.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa na unyevu, na mdudu amebanwa katikati ya karatasi. Sijui ulimtuma anisalimie. Nimemzika.

Hatujambo. Miguu ni ileile. Magego yametoka, ameyajaribu kwenye bega langu. Viatu bado anaongea navyo, siku hizi anavigombeza. Baba yake hajaonekana na hatumtafuti. Msimu wa sare za shule umeanza, mashati yamejaa mpaka juu ya kitanda, Chiriku analala juu yake kama paka.

Nilisoma habari za uzi nikacheka, mteja aliyekuwa anapimwa akauliza kama suruali yake ina kasoro. Halafu mteja akaondoka nikaketi, nikaisoma tena. Wewe una akili? Mtoto wa miaka miwili unamwacha huku, wewe unalala porini na wanaume watatu, kisha unaniandikia habari za ndege wanaokung'uta shuka! Na usiku wenyewe huniandikii. Kwa nini? Mlilala wapi? Nani alifanya nini? Nauliza, na nitauliza tena.

Huyo Mkuu wako simjui lakini leo nampenda. Amesema panda gari. Panda. Tulikubaliana nini mimi na wewe pale mlangoni, begi lako likiwa kichwani? Ulisema mpaka mvua ziishe, ukapate mtaji, urudi tushone wote. Hukusema habari za kuingia kwenye miti. Kunakili nilikubali. Kuzurura sikukubali. Watu wananiuliza mdogo wako yuko wapi, nasema yuko kazini, ofisini. Sijui nitaendelea kusema hivyo hadi lini.

Chiriku anauliza. Gari likisimama nje anakimbia mlangoni. Namwambia mama yuko sokoni, anarudi sasa hivi. Anatulia.

Nimekuwekea sweta na dawa ya mbu. Vaa sweta.

Dada yako

*

Tarehe 28 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Sweta nimelivaa, asante, ingawa humu hata mawe yanatoka jasho. Nimefurahi kwa magego na nimesikitika kwa bega. Mimi sijambo, homa ilinipitia kidogo ikaniona sina nafasi nayo.

Sokoni, Dada? Mama gani anakwenda sokoni tangu kabla ya mvua? Atakua akijua kwamba mama yake alimthamini kuliko nyanya lakini si sana. Nakuomba, na hapa sibembelezi: mwambie niko msituni. Tumia neno hilohilo. Hatalielewa leo, basi alizoee. Mwambie kuna miti yenye mizizi kama kuta, na mama anaizungushia utepe usawa wa kifua, anaiandika.

Kwa sababu naiandika, Dada. Sikupanda gari.

Nilimwendea Mkuu asubuhi, anakunywa chai yake kwenye kikombe cha bati. Nikamwambia nataka kurudi ndani. Hakuinua hata macho.

"Una mtoto mdogo wewe. Ungefia kule, mwanao ningemwambia nini?"

"Mfyekaji ana watoto watatu," nikasema. "Akifia kule, hao utawaambia nini?"

Akakizungusha kikombe.

"Na wewe mwenyewe una wawili. Mbona hukai ofisini?"

Mfyekaji alikuwa ananoa panga pale karibu. Akasema, "Mkuu, kunywa chai, inapoa." Hapo ndipo Mkuu akaweka kikombe chini. "Ulitupoteza," akasema.

"Niliwapoteza. Na kosa lile sasa ni mimi peke yangu humu kambini nisiyeweza kulirudia. Mwingine utakayemleta utaanza kumfundisha."

Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayekagua pindo. Kisha akafungua mkanda, akanitupia kisanduku. "Basi uvae wewe. Uzi ukikatika, ni wewe. Tukipotea, ni wewe." Nikakivaa palepale, asije akabadili mawazo.

Kwa hiyo sasa siko nyuma. Nafunga ncha, natembea, na kila ninapopita nyuma yangu kuna njia. Uzi unakatika kila mara, nguruwe pori wanapita nao kwenye pua kama bibi harusi na shela. Nauunga kwa fundo letu lile la uzi uliokatikia kwenye tundu la sindano, unalikumbuka, ulinipiga rula mpaka nikaliweza. Asubuhi Mfyekaji ananisalimia, "Fundi, leo usitushonee njia ikafungwa!" Namjibu njia ya kwake niliifunga makusudi, maana mkewe ndiye aliyeniomba.

Usiku ule umeuliza, na umeuliza kwa namna niliyoielewa. Hakuna mtu aliyenigusa. Wale watu walinipa sehemu kavu. Kingine kilichotokea si aibu, lakini bado siwezi kukuandikia.

Shida yetu ni hii: maboksi ya uzi yameingia maji, umeoza, ukiuvuta unakatika kama tambi. Mzigo mwingine utachelewa. Nitumie uzi mweupe wa pamba, ule wa mashati, kiasi utakachoweza, ukate kwenye pesa ninazokuletea. Na unichoree mguu wa Chiriku kwenye karatasi, nione umefika wapi.

Mdogo wako

*

Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Huku kuzima. Nilichelewa kuandika, kazi nyingi.

Uzi huu hapa. Ni mweusi. Mweupe umekwisha.

Chiriku ameanza kwenda kwa yule mwalimu mstaafu wa mtaa wa nyuma anayewakalisha watoto asubuhi. Nimemshonea kijisare, ameringa siku nzima, hataki kukaa chini kisijikunje. Analala kwangu sasa. Akishtuka usiku ananiita mimi, nikimshika mgongo analala. Haulizi tena. Gari likisimama nje hainui kichwa. Mguu sikuuchora, hatulii.

Mvua zimekwisha. Huku vumbi limeanza. Sijui huko, labda huko haziishi, labda ndiyo maana umepachagua. Mimi sina maneno mengi kama wewe. Nakwambia hivi: mtoto si vazi, useme niwekee nitalifuata nikipata nafasi. Na mimi siwezi kumlea mtoto wa kuazima, nikiamka kila siku sijui ni leo anachukuliwa au ni kesho. Chagua. Mtoto au msitu. Ukichagua mtoto, gari lipo. Ukichagua msitu, niambie wazi, nimlee kama wangu, na usiniandikie tena habari za ndege.

Dada yako

*

Tarehe 7 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini miguu inapumzika sasa mashati yamepungua. Mpe pole mwalimu mstaafu, kapata mwanafunzi atakayemaliza maneno yake yote. Mimi mzima wa afya, nimechoka tu.

Sichagui.

Nimeisoma barua yako mpaka imelegea kwenye mikunjo, na kila mara nimefika palepale. Hakuna aliyemwambia Mfyekaji achague. Mama alishona na wewe mgongoni, kisha na mimi, na sikusikia mtu akimwambia achague mgongo au cherehani. Basi na mimi sichagui, na usiniandikie neno hilo tena.

Uzi wako tuliutandaza. Mara moja. Nilifunga ncha, nikatembea hatua chache, nikageuka: hakuna uzi. Mweusi juu ya matope meusi, chini ya majani meusi. Mfyekaji akasema, "Fundi, dada yako anashona gizani?" Nilicheka naye, halafu njiani nikaacha kucheka. Fundi wa sare, mashati meupe ya mtaa mzima yanapita kwenye mikono yake, uzi mweupe umekwisha? Dada. Mimi niliokota njia kwa sababu sikujua ni njia. Wewe unajua.

Sikasiriki. Nilikasirika siku moja nzima, nikapima miti kwa hasira, Mkuu akasema mwandiko wangu leo unatoboa karatasi. Kisha nikasoma tena pale unaposema akishtuka usiku anakuita wewe. Hukuandika anakuita nani. Najua anakuita nani. Na najua ulivyokaa kitandani mkono ukiwa mgongoni mwake, hutaki kuutoa. Hukuwahi kuniambia kwamba chumba kile kilikuwa kikubwa kabla yake, na mimi sikuwahi kukuuliza. Hilo nalichukua mimi.

Sasa na mimi nikwambie langu, la usiku ule, maana mwenye kuficha na aache kwa zamu.

Nililala, Dada. Ndicho kilichotokea. Walinipa nafasi kati ya mizizi miwili mikubwa, juu yangu majani ya kukingia, mvua inapiga, kitu kinalia mbali sijui ni chura au ni mnyama. Nilijua tumepotea, na ni kwa mkono wangu. Nikaegemea mzizi nikasema nitamfikiria Chiriku mpaka kuche. Nikalala. Nililala moja kwa moja, kama jiwe lililotupwa kisimani, mpaka Mfyekaji akanigusa kwa fimbo kuona kama ni mzima. Tangu nimzae sikuwa nimelala usiku mzima hata mara moja. Niliamka na ruba shingoni, ndege wanapiga mabawa, mwanga unashuka katikati ya miti mwembamba kama vumbi la chaki, na mwili wangu ulikuwa wangu. Nilicheka peke yangu. Halafu nikaona aibu: mama gani analala hivyo, mwanawe mbali? Ndiyo maana sikukuandikia. Leo naandika na aibu sina. Sikulala kwa sababu simpendi. Nililala kwa sababu nilikuwa nimechoka, na hakukuwa na mtu wa kuniambia nisichoke.

Kwa hiyo sikiliza nilivyopanga, na usiseme hapana kabla hujafika chini.

Kazi imeongezwa, miaka miwili. Mkuu amesaini, akaniuliza tu kama uzi mweupe upo. Kwenye kituo kilicho pembeni ya msitu, barabara inapoishia, nyuma ya stoo, nimepewa chumba cha mbao. Kina madirisha mawili. Nimekifagia, nimeziba tundu la panya kwa bati, nimepigilia misumari ya kutundikia nguo, mmoja chini kabisa, wa kimo chake. Ninaingia msituni asubuhi na siku nyingi jioni niko nje. Siku chache ndizo nalala ndani, na siku hizo lazima awe na mtu anayejua namna ya kumshika mgongo. Sioni mwingine. Na humu kambini, Dada, miiba haipumziki: kila suruali imepasuka, kila mfuko umetoboka, Mkuu mwenyewe anatembea na koti limefungwa kwa waya. Fundi hakuna hata mmoja. Nimeshawaambia anakuja.

Sirudi kumfuata. Nikishuka pale mlangoni utapika, utanivua viatu, utaweka maji ya kuoga, na sitaondoka tena. Tunajuana. Gari la chakula linaondoka huko mwanzo wa mwezi ujao, dereva nimemwambia aache nafasi mbele.

Kabla hamjapanda, mwambie Chiriku mnakwenda msituni kwa mama. Usiseme sokoni. Akikuita wewe mama njiani, itika. Atakuwa na wawili, mwenye kuona ni wengi akae kwao.

Basi naandika vitu ninavyohitaji, usipunguze kimoja. Uzi mweupe wa pamba, boksi zima, na usiniambie umekwisha. Viatu vya Chiriku vya kufunika vifundo, saizi moja zaidi kwa sababu hukunichorea mguu, na soksi ndefu za kuzuia ruba. Kijisare chake, hata kama huku hakuna mwalimu, nataka kumwona anavyoringa. Ile khanga yangu ya zamani anayolalia, usiifue, ibaki na harufu. Mkasi mkubwa. Sindano nene za turubai. Mafuta ya mashine. Rula uliyonipigia. Chiriku mwenyewe, aamshwe asubuhi, akae dirishani aone miti inavyoanza. Cherehani ya mama. Na anayeikanyaga.

Mdogo wako